Jiwe Lililopotea Mabira

Gunia lilipasuka basi la Bukoba likiwa limeshaanza kupiga honi, na vifuko vya mawe vikamwagika miguuni mwa watu wa mji mdogo wa Omurushaka. Immaculata akapiga magoti kuvikusanya. Kitenge chake kilikuwa kimeganda tope, macho yamevimba kwa uchovu.

"Dada, kwani Bukoba mawe yameisha?"

Aliyeuliza alikuwa Zubeiri, muuza vitambaa, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi, ambaye babu yake alitoka Pangani.

"Si mawe hivi hivi, kaka. Ni visu na mashoka ya watu wa kale. Tunayachimba pangoni, kule Mabira."

"Basi kwa kazi hiyo, pole." Akaingia dukani, akatoka na gunia zima.

Ilikuwa mwaka 1992. Kazi ya Immaculata ilikuwa kuinama juu ya beseni kutwa nzima, akisugua mawe kwa mswaki. Kila siku ya gulio alishuka Omurushaka, akanywa chai na Zubeiri kwenye benchi la duka lake.

"Mpenzi, leo unanuka udongo."

"Nawe unanuka mafuta ya taa. Ngoma droo."

Zubeiri akaahidi kwenda kwa Mzee Mbonimpa, baba yake Immaculata, kumposa baada ya mavuno ya kahawa. Mama yake Zubeiri, Bi Maua, alinung'unika kwamba binti ni Mkristo, kisha akaanza kumwekea maandazi.

Siku moja Zubeiri alipanda hadi pangoni kwa baiskeli. Immaculata akamwekea kiganjani shoka la jiwe jeupe, zuri kuliko yote yaliyopatikana.

"Aliyelichonga hakuwa na haraka," alisema Zubeiri, akimrudishia.

Kesho yake shoka halikuonekana.

"Kuna mgeni aliyelishika?" aliuliza Bwana Polikarpi, mkuu wa uchimbaji.

Immaculata alikuwa hoi, na aliogopa kufukuzwa kazi. "Zubeiri," akajibu, bila kuongeza kwamba alilirudisha.

Siku ya gulio mgambo walilipekua duka mbele ya umati. Majora ya vitambaa yalitupwa topeni, Bi Maua akitazama. Hawakupata kitu.

"Nilitaja jina tu, Zubeiri," Immaculata alimwambia jioni ile.

"Ndiyo. Hukuongeza hata neno moja."

Tangu hapo Zubeiri akawa anampita kama hamjui.

Mvua za vuli zikajaza pango maji, ikabidi shimo lifukiwe. Wachimbaji walipokuwa wakirudisha kifusi, sepetu ya mmoja ikagonga kitu cheupe. Lilikuwa lile shoka. Immaculata alikuwa amelimwaga mwenyewe pamoja na maji machafu ya beseni, juu ya kifusi.

Bwana Polikarpi alicheka kwa furaha.

"Bwana, twende Omurushaka ukawaambie watu," alisema Immaculata.

"Si limepatikana? Yamekwisha hayo."

Kwa hiyo alikwenda peke yake, siku ya gulio, akasimama mbele ya duka. Akapaza sauti.

"Jamani! Zubeiri hakuiba. Jiwe nililimwaga mimi, kisha nikaacha adhaniwe yeye!"

Watu waligeuka, wakatazamana, wakarudi kwenye ndizi zao. Zubeiri alikuwa akikunja kitambaa ambacho doa lake la tope lilikataa kutoka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na kazi?"

"Imekwisha. Tumefukia. Umenisamehe?"

"Bado. Ila nimechoka, Imma. Hasira inachosha kuliko kubeba majora."

Bi Maua akaweka kikombe cha chai kwenye benchi, akarudi ndani.

"Baba yako yupo nyumbani Jumapili?" Zubeiri aliuliza, bila kuinua macho.

"Akitoka kanisani huwa shambani. Hurudi jioni."

"Basi nitakuja jioni."

Immaculata akaketi. Alitaka kulia, lakini usingizi ulimchukua kabla ya machozi, kichwa kimeegemea majora. Zubeiri akapunguza sauti ya redio ya dukani, akaendelea kukunja.