Mkanda wa Kiti cha Katibu

Maiti katika kesi hii ilikuwa gari. Lilikuwa limegoma mbele ya ghala la korosho la Miteja, mwaka 1975, na dereva wake, Kondo, alikuwa siku ya tatu mikononi mwa mgambo kwa tuhuma za hujuma. Akipatikana na hatia, jela ilikuwa inamngoja.

"Nikipanda mimi, haliwaki," alilalamika Salumu Pazi, Katibu wa ushirika. "Akiwa peke yake, linawaka. Kakata waya ili nisifike mikutanoni."

Inspekta Likwata alikuja kutoka Kilwa na balbu ndogo yenye nyaya mbili. Hakuwa mtu wa kuamini uchawi, wala makatibu. Mwanaasha, mke wa Kondo, alimweleza tabia ya gari lile la msaada: kila aliyekaa mbele asipofunga mkanda, stata haigeuki. Na lazima ukae kwanza, ndipo ufunge. Mumewe aliwaimbia abiria hivyo hivyo mpaka wakamchoka.

Inspekta akapima betri. Nzima. Fyuzi, nzima. Akafuata nyaya mpaka chini ya viti, na kila alipogusa, balbu iliwaka. Hakuna uliokatwa. Kondo alikuwa amesingiziwa, na jambo hilo lilimkera Inspekta kuliko jua la saa saba.

Akaingiza mkono kwenye ufa wa kiti cha abiria. Mkanda ulikuwa umefungwa bila mtu, ukasukumiwa ndani. Kwenye chuma chake kulikuwa na alama za vidole, za wino wa zambarau.

Alimwita Katibu ofisini, akafunga mlango.

"Muhuri wa ushirika anaushika nani?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Nionyeshe vidole."

Katibu alivitazama, akaketi. Koti lake pana likafunguka, kitambi kikatokeza, mwaka ule wa ukame ambao kijiji kizima kilikula makopa, muhogo mkavu.

"Haunitoshi, Inspekta," alisema polepole. "Nawahubiria watu wavumilie njaa, na mkanda haunitoshi. Nikaufunga mtupu, nikaukalia, koti likafunika, watu wasijue."

"Na Kondo?"

"Nilidhani ukifungwa tu inatosha. Nilipotambua kuwa ndio unaozuia gari, alikuwa keshakamatwa. Nikaona haya kusema."

Kondo aliachiwa saa ile ile. Katibu akamwomba radhi mbele ya watu wote, na sababu akaitaja mwenyewe. Kondo alicheka mpaka akashika mbavu, Mwanaasha akilia kwa furaha. Kisha Kondo akainama kwenye kiti cha abiria, akavuta ule mkanda, akaulegeza shubiri nzima.

"Unaongezeka huu, Bwana Katibu," alisema. "Ungeniambia tu."