Disketi Tatu za Mwanamkasi

Mwanamkasi wa Likoni alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alikwenda kondeni kupalilia mihogo. Alasiri, baada ya kuswali, alikaa ukumbini mbele ya kompyuta.

Ilikuwa kompyuta ya kukunja, zile ziitwazo laptopu. Kakake, Bakari, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Alimletea mwaka wa 1997, ikiwa imekwisha tumiwa na watu wengine huko ilikotoka. Mwanamkasi aliwahi kusomea upigaji chapa, kwa hivyo vidole vyake havikupata taabu. Watu walipita, wakamkuta anagonga vitufe, wakamuuliza:

"Bi Mwanamkasi, waandika nini siku zote?"

"Naandika makaburi yetu," aliwajibu.

Ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya makonde yao palikuwa na makaburi ya zamani yaliyoitwa Mwangala. Mababu wa mtaa mzima walilala pale. Lakini hapakuwa na daftari wala hati. Mengi yalikuwa yamefunikwa na kichaka. Mtu mmoja tu aliyajua yote, naye alikuwa Mzee Boga, aliyekuwa na umri wa miaka tisini.

Kwa mwezi mzima Mzee Boga alikuja akakaa ubavuni pa Mwanamkasi. Alifumba macho, akataja.

"Andika, mwanangu. Ukitoka kisimani, wa kwanza ni Mwanajuma binti Hamisi. Wa pili ni mumewe. Wa tatu ni mtoto wao, alikufa kwa ndui."

Mwanamkasi aliandika kwanza kwenye daftari, kisha akanakili kwenye kompyuta. Majina yalifika mia moja arubaini na mawili. Baada ya Ramadhani ya mwaka wa 1999, Mzee Boga alifariki. Masika ilipoingia, mchwa wakapanda kabatini wakalila lile daftari, wakaacha jalada tu.

"Haidhuru," alisema Mwanamkasi. "Yote yamo ndani ya mashine."

Hakujua alilolisema.

Mwezi wa Mei, watu waliamka wakakuta nguzo na seng'enge kuzunguka Mwangala. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepata karatasi ya kiwanja kile, ataka kujenga maghala. Wazee walikimbilia kwa chifu. Afisa wa ardhi akaweka siku ya kusikiliza: Jumatano, saa tatu asubuhi. Akasema, "Nileteeni ushahidi wa maandishi. Maneno matupu sitayapokea."

Wazee wote wakamgeukia Mwanamkasi.

"Tuna maandishi," alisema. "Nitayachapa kwenye karatasi."

Jumamosi aliazima printa ya madrasa kwa Ustadhi Sheikhan. Akaiunganisha kwa waya, akawasha, akabonyeza pa kuchapa. Printa ikakoroma. Karatasi ikatoka. Mwanamkasi akaitazama. Hapakuwa na jina hata moja. Palikuwa na nyota, vijiti na alama ambazo hakupata kuziona. Akajaribu tena. Ikatoka vile vile.

Mamake, Bi Mwanatabu, aliinyosha shingo akaangalia. "Hii ni hati gani? Mbona kama hirizi?"

Mwanamkasi hakucheka.

Jumatatu alfajiri aliifunga laptopu ndani ya kanga mbili, akavuka kivukoni, akaenda hadi mtaa wa Magongo. Alielekezwa kwa fundi mmoja kijana aitwaye Elkana. Elkana hakuuliza mengi. Alitia disketi moja, akatia ya pili, akatia ya tatu.

"Zote hizi ni za nini?" aliuliza Mwanamkasi.

"Ni draiva, mama. Moja itashika tu."

Alipoizima na kuiwasha tena, kioo kilionyesha picha ya mwanzo, kisha kikaganda. Hakikwenda mbele wala nyuma. Elkana akajikuna kichwa.

"Hii sasa ni kuifomati, mama. Tunafuta kila kitu, tunaiweka upya. Kesho iko sawa kabisa."

"Kufuta kila kitu? Na maandishi yangu?"

"Si uko na kopi kwa disketi?"

Mwanamkasi hakuwa nayo. Kwa mara ya kwanza alifahamu kwamba mababu mia moja arubaini na wawili wamekaa mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni hapo mezani pa Elkana, karibu na kidole chake.

"Usiiguse," alisema. "Wallahi usiiguse tena, mwanangu. Nipe mashine yangu."

"Lakini mama, haitafanya kazi."

"Nipe hivyo hivyo."

Alirudi nyumbani ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Mamake alimwona sura. Akamletea maji.

Saa kumi jirani yao alirudi kutoka kazini. Jina lake Mastura. Alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha mjini. Mwanamkasi alimwita hata kabla hajavua buibui.

"Shikamoo, mamangu," alisema Mastura.

"Marahaba, mwanangu. Nimeharibikiwa."

Alimweleza yote, tangu printa hadi fundi. Mastura alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulifanya jambo la maana sana kuichukua," alisema. "Kugandaganda si kufa. Maandishi yako huenda yako salama. Naona ni draiva tu zimegombana."

Bi Mwanatabu akashtuka. "Dereva? Ndani ya kisanduku hiki? Maskini, anakaa wapi?"

Mastura alicheka hata akaegemea ukuta. Mwanamkasi naye, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akacheka.

"Si dereva wa gari, bibi. Draiva ni programu ndogo. Kazi yake ni ukalimani. Kompyuta ina lugha yake. Printa nayo ina lugha yake, na kioo kina yake. Draiva husimama katikati akawasikizanisha. Sasa ukimleta mkalimani wa Kihindi baina ya Mswahili na Mchina, watasikizana?"

"Wapi! Watapigana."

"Basi ndiyo yaliyotokea. Printa ya Ustadhi haikuwa na mkalimani wake, ndiyo maana ikatapika nyota. Kisha fundi akaleta wakalimani watatu wasiohusika. Mmoja wao akakalia kioo, na mashine ikaganda."

Mwanamkasi alisogea. "Utamtoaje?"

"Hatumtoi kwanza," alisema Mastura. "Kwanza tunaokoa maandishi. Matengenezo baadaye. Ukishika utaratibu huu, hutalia."

Aliwasha laptopu, na papo hapo akawa anagongagonga kitufe cha F8 juu ya kibodi. Orodha fupi ya maneno ikatokea. Mastura akachagua palipoandikwa hali ya usalama.

"Hapa mashine huamka na vitu vya lazima tu. Wale wageni wa fundi hawaitwi."

Kioo kikawaka. Herufi zilikuwa kubwa mno na rangi zilikuwa mbaya. Lakini haikuganda. Mwanamkasi akaona lile faili lake, pale pale alipoliacha. Akaweka mkono kifuani.

"Alhamdulillahi!"

"Bado," alisema Mastura. Alitoa mkobani disketi nne mpya. "Tia hii. Nakili faili. Fanya wewe mwenyewe."

Mwanamkasi alitia, akanakili. Taa ndogo iliwaka ikazima.

"Tayari," alisema.

"Umejuaje?"

"Si imesema yenyewe?"

"Usiisadiki. Ifungue kutoka kwenye disketi, usome."

Mwanamkasi alijaribu kuifungua. Disketi ikakwaruza, krr, krr. Kioo kikaandika kwamba haisomeki. Wanawake wote watatu wakaitazama ile disketi mpya, inayong'aa.

"Mbovu hii," alisema Mastura. "Imetoka kiwandani mbovu, au jua la dukani limeiua. Ungeiweka kabatini miaka mitatu ukidhani una nakala, kumbe una plastiki."

Waliitupa. Akanakili katika zile tatu zilizobaki, nazo zilifunguka vizuri. Mwanamkasi alisoma kila moja mpaka jina la mwisho, kwa sauti, na Bi Mwanatabu akaitikia, "Mungu amrehemu," kila jina alilolijua.

"Sasa zote naziweka kabatini," alisema Mwanamkasi.

"Nyumba ikishika moto, mamangu, utakuwa na nakala ngapi?"

Mwanamkasi alifikiri. "Sina hata moja."

"Basi moja ikae hapa, mbali na jua, na mbali na spika ya redio, maana ina sumaku, nayo hula disketi. Ya pili mpe Ustadhi. Ya tatu nitaivusha mimi kesho, niiweke chuoni. Na kila ukiongeza maandishi mapya, unakili tena. Chagua siku moja ya wiki, usiiache."

Sasa ndipo Mastura alipogeukia matengenezo. Alifungua mahali panapoorodhesha viungo vyote vya mashine. Penye kioo palikuwa na alama ya manjano ya mshangao.

"Unaiona hiyo? Ni mashine inakuonyesha panapouma. Huna haja ya kubahatisha."

Alimtoa yule draiva mgeni, akazima, akawasha. Laptopu iliamka kama zamani, rangi zake zimetulia.

"Imebaki printa," alisema. "Mimi kesho nina darasa mpaka jioni. Hii utaifanya mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe. Angalia mgongoni pa printa. Imeandikwa jina na nambari. Iandike. Nenda kamuulize Ustadhi boksi lake. Ndani yake kuna disketi iliyokuja nayo. Jina na nambari vilingane, herufi kwa herufi. Visipolingana, usitie."

Jumanne asubuhi Mwanamkasi hakwenda kondeni. Alikwenda madrasa na kikaratasi mkononi. Ustadhi Sheikhan alipanda juu ya kiti, akatafuta juu ya kabati la misahafu, akalitoa boksi limejaa vumbi. Ndani mlikuwa na disketi mbili. Mwanamkasi alilinganisha. Ya kwanza ilitofautiana kwa nambari moja ya mwisho. Mkono ulitaka kuichukua. Akairudisha. Ya pili ililingana, herufi kwa herufi.

Nyumbani aliitia. Kompyuta ikamuuliza maswali. Aliyasoma polepole, akajibu moja baada ya moja. Akazima, akawasha. Akasema Bismillahi, akabonyeza pa kuchapa.

Printa ikakoroma. Karatasi ikatoka kidogo kidogo, na juu yake, kwa wino mweusi, pakaandikwa: *Mwanajuma binti Hamisi.*

Mwanamkasi alipiga kigelegele peke yake ndani ya nyumba. Mamake akaja mbio akidhani kuna harusi.

Jumatano afisa wa ardhi alikaa mezani kwa chifu. Wakili wa mfanyabiashara alisimama kwanza, mtanashati, na tai shingoni.

"Bwana Afisa, pale ni kichaka kitupu. Hakuna kaburi lililoonekana."

Mwanamkasi alisimama. Akamkabidhi afisa karatasi sita.

Wakili akatabasamu. "Majina mtu yeyote aweza kutunga, bwana."

"Ni kweli," alisema Mwanamkasi. "Basi twende tukayaangalie."

Afisa akainuka. Mtaa mzima ukafuatana naye hadi Mwangala. Walianzia kisimani. Mwanamkasi alisoma, watu wakahesabu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mawe yalikuwapo. Walipofika wa kumi na saba, mbele yao pakawa na kichaka cha miiba.

"Hapa pana nini?" aliuliza afisa.

Mwanamkasi akasoma: "Wa kumi na saba ni Mwalimu Shee bin Omari. Kichwani pake pana jiwe la matumbawe, na ndani ya jiwe pamejengewa sahani ya buluu."

"Fyekeni," alisema afisa.

Vijana wakashika mapanga. Kichaka kikalala. Kwanza lilionekana jiwe, jeusi kwa uzee. Mtu mmoja akalisugua kwa kiganja. Ikatokea sahani ya buluu, ina maua madogo, nzima, haina hata ufa.

Wakili alishusha macho. Afisa akainama, akaigusa ile sahani kwa kidole, akainuka, akaitazama karatasi tena.

"Nani aliyeandika hii?"

"Mimi, bwana. Aliyenitajia ni Mzee Boga. Ameshakufa."

"Umeitunza vizuri," alisema afisa. Akageuka. "Seng'enge hii iondolewe leo."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hata barabarani. Bi Mwanatabu aliimba, akacheza mbele ya watu na umri wake ule. Mwezi wa Julai ikaja barua yenye muhuri: Mwangala ni makaburi, hapauzwi, hapajengwi.

Tangu hapo watu walianza kuja. Wa mtaa wa Mtongwe walileta majina ya wafu wao, wa Shelly Beach wakaleta yao. Ustadhi Sheikhan alimpa Mwanamkasi chumba cha madrasa chenye kompyuta kuukuu ya mezani, na kila Jumamosi wanawake kumi na wawili walikuja kujifunza kuyaandika majina hayo kwenye kompyuta.

Jumamosi moja ya Novemba, darasa likiendelea, laptopu ilitoa mlio, kioo kikawa cheusi. Mwanamkasi alijaribu F8. Alijaribu waya mwingine. Haikuamka tena. Safari hii si draiva iliyoharibika. Mashine yenyewe ilikuwa imekufa, na uzee ndio ulioiua.

Wanawake walishika vichwa. "Ole wetu! Kazi ya miezi minne!"

Mwanamkasi aliufunga mfuniko wake taratibu, akaisogeza kando. Akafungua mkoba, akatoa disketi ya jana, Ijumaa, siku aliyoichagua ya kunakili, akaitia kwenye ile kompyuta ya mezani. Majina yakajipanga kiooni, yote, mpaka lile la mwisho lililoandikwa jana.

Akavuta kiti, akakaa.

"Haya," alisema, "nani alikuwa anataja?"