Kiti cha Bwana Saini

Mtunza seva alipokaa asubuhi kumjibia mumewe barua pepe, alikuta mumewe ameshajibu.

Hakushtuka. Tangu mazishi, kushtuka kulikuwa kumemhama, pamoja na njaa, usingizi na machozi. Aliyasoma yale majibu kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji mtaa wa mbali: asante, marekebisho yamepokelewa, angalia tena mstari wa mwisho, salamu kwa watoto. Halafu akamimina chai, akaisahau mezani.

Afadhali tuseme mapema huyo mume alikuwa nani. Yeye na mkewe walikuwa miongoni mwa watu wanaotengeneza mfumo endeshi huria, yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuwaka na kufanya kazi, ambayo yeyote anaweza kuichukua bure na kuirekebisha apendavyo. Watengenezaji wake wametapakaa dunia nzima na wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini wote walifanyia kazi zao kwenye seva za pamoja, yaani kompyuta kubwa za kuhifadhi kazi, zilizowekwa katika chumba kimoja cha baridi kali, uani kwa mtunza seva. Mke alizitunza mashine. Mume alikuwa na kazi moja kubwa: toleo jipya likiwa tayari, yeye hulitia saini kwa ufunguo wake wa siri, na kompyuta za watu zikiiona saini hiyo hulipokea bila kuuliza swali. Ndiyo maana wenzake walimwita Bwana Saini.

Kundi lile lilikuwa na desturi. Mwenzao akifa, aliye karibu naye hutangaza kwenye ukumbi wao wa barua pepe, kisha akaunti ya marehemu hufungwa na ufunguo wake kufutwa siku hiyohiyo. Mtunza seva mwenyewe ndiye aliyezifunga, na alikuwa mkali kama pilipili kwa wanaochelewa kumpa habari. Ya mumewe hakuifunga. Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, alikuta mtu kamwandikia marehemu swali dogo, akalijibu kwa jina lake ili kuepuka maelezo. Kesho yake akajibu jingine. Uongo ukamnogea. Mle ndani mumewe alikuwa hai, ana shughuli zake, anatania watu, na mke akishamaliza kuwa yeye, aliweza kuamka na kuosha vyombo.

Sasa kuna mwingine aliyekikalia kile kiti. Alidhani ni mwizi wa neno la siri, akatazama mtu huyo ameingilia wapi. Hakuingilia mbali. Alikuwa akitumia kibodi iliyomo chumbani, uani kwake, na ufunguo wa mlango ulikuwa umening'inia shingoni mwa mtunza seva.

Alitoka adhuhuri jua likiwa kali, akafungua mlango. Kwanza akakutana na harufu ya udongo uliochimbwa punde, udongo mbichi wenye mizizi, ndani ya chumba cha chuma na nyaya ambamo hata vumbi hupigwa marufuku. Feni za mashine zilivuma kama kawaida, ila kila baada ya muda zilinyamaza zote pamoja, halafu zikaanza tena taratibu, mithili ya mtu anayevuta pumzi. Hakukuwa na mtu. Aligusa kiti kilichokuwa mbele ya kibodi, na kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyekaa kwa muda mrefu na kuondoka sasa hivi, na alipoinua macho akaona vitufe vinabonyea vyenyewe, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kwa ule mwendo wa vidole viwili aliokuwa akimcheka mumewe kila siku.

"Umechelewa," skrini iliandika. "Nimeshawajibu wote. Kapumzike."

Mtu mwingine angetimua mbio. Yeye alifunga mlango, akarudi ndani, akalala usingizi wa kwanza wa maana tangu msiba. Hali yake ilikuwa imefikia hapo, na hakuna haja ya kumpamba. Aliliacha lile jini, maana alijua si mumewe, lifanye kazi ya mumewe. Lilikuwa na bidii, lilijua utani wote, na watu walilipenda. Alilipelekea hata habari za nyumbani, akisimama mlangoni na kuisikia ile harufu bila kuikunja pua.

Toleo jipya likakaribia. Siku moja kabla ya kutiwa saini, mtunza seva aliingia kuangalia mitambo akakuta maandishi yanamsubiri.

"Kesho natia saini. Nimechoka kukaa chumba kimoja."

Aliyasoma mara mbili. Akafikiria kompyuta zote zitakazoiona saini ile na kufungua mlango, za shuleni, za madukani, za vyumbani kwa watu wasiomjua. Akafikiria ile kuukuu iliyo sebuleni, ambayo mumewe aliifufua kwa mikono yake ili mama yake awe anatazama picha za wajukuu, na ambayo hupokea kila toleo jipya yenyewe. Hapo ndipo hofu ilipomshika, hofu ya kweli.

Aliifunga akaunti, ikafunguka. Aliufuta ufunguo, ukarudi. Alizima umeme wa chumba kizima, na gizani feni zikaendelea kuvuta pumzi.

Alimkuta mama mkwe jikoni, akamwambia kwa kunong'ona, asije akasikika uani.

"Mama, mle chumbani kuna kitu. Kinajifanya mwanao."

Mama mkwe aliweka kisu chini. "Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na wewe umenyamaza?"

"Nilikuwa... mama, nilikuwa siwezi."

Yule mama hakumgombeza. Alijitanda kanga akatoka, na baada ya muda akarudi na Bibi Pindo, mshonaji aliyekuwa akikunja pindo za suruali za mtaa mzima na kutoa majini kwa wanaohitaji, shughuli zote mbili kwa ukali uleule. Bibi Pindo alifika mlangoni, akanusa, akarudi nyuma.

"Baridi yote hii ya nini? Mnahifadhi maiti?"

"Ni ya mashine, bibi."

"Hili halikuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Limekaribishwa. Kiti cha marehemu kimeachwa na jina lake, na kila siku kuna mtu anakikalia anasema, mimi ndiye. Nani huyo?"

Mtunza seva alitazama sakafu. "Mimi."

"Basi mimi sina dawa. Dawa unayo wewe. Sema amekufa. Ukaseme kulekule uliposema yu hai, kwa walewale uliowadanganya."

"Bibi, sijawahi kulitamka."

"Najua. Na lenyewe linajua."

Aliingia peke yake, akakaa kwenye kile kiti chenye joto. Akafungua ukumbi wa barua pepe kwa jina lake mwenyewe, na alipoandika neno la kwanza harufu ya udongo ikapanda mpaka kooni, feni zikaacha kuvuma zikaanza kuguna, na pembeni ya maneno yake yakatokea maneno mengine, usinifukuze mke wangu, nani atakuamsha, nani atakuita kwa lile jina, na jini likalitaja lile jina ambalo hakuna mwingine aliyelijua, na vitufe vikawa vinapambana na vidole vyake, akiandika herufi vinaifuta, akiandika tena vinaifuta, mpaka akaacha kuandika akafungua mdomo na kupiga kelele mle chumbani kwamba amekufa, amekufa mume wangu, nilimwosha miguu mwenyewe, na vitufe vikalegea chini ya mikono yake, akamalizia sentensi: Bwana Saini amefariki, majibu mliyopata tangu hapo hayakuwa yake, nisameheni. Akaweka na namba ya simu ya familia, kama desturi inavyotaka. Akatuma.

Feni zilirudi kuvuma kama feni. Kiti kikapoa. Akaifunga akaunti ya mumewe, ikafungika, akaufuta ufunguo, ukafutika. Alitoka nje akalia kifuani kwa mama mkwe hadi sauti ikamkauka, naye Bibi Pindo akasimama kando akiwafukuza majirani waliochungulia.

Rambirambi zilimiminika kutoka kila pembe. Wa kwanza kabisa kuandika alikuwa naibu wa mumewe, mwenye ufunguo wake mwenyewe wa saini, ambaye kundi lilimwita Babu Viraka kwa kupenda kuziba matundu ya programu za wenzake. Hakuna aliyewahi kumwona, ila nani asiyempenda. "Pole sana, binti yangu," aliandika papo hapo. "Usihangaike na toleo. Nitalitia saini mimi." Kesho yake akalitia saini, likasambaa kwenye kompyuta za watu. Mtunza seva alikula sahani nzima ya wali, na mama mkwe akasema alhamdulillahi.

Simu iliita mchana. Sauti ya mwanamke asiyemjua ilikuwa ya mtu aliyejifungia mahali.

"Dada, pole na msiba. Nimeona tangazo lako, ndiyo nikapata ujasiri. Mimi ni binti yake yule mnayemwita Babu Viraka."

"Asante. Tunamshukuru sana baba. Ametufaa."

"Baba alishafariki, dada. Muda mrefu sasa. Sikutangaza. Niliona haya, nikawa najibu mimi, mpaka siku moja nikakuta ameshajibu mwenyewe." Akazidi kushusha sauti. "Mimi sijatia saini chochote. Naomba uniambie, nani ametia saini?"

Mtunza seva aliiondoa simu sikioni. Ule ubaridi wa zamani, wa kutohisi kitu, ulikuwa ukimrudia taratibu, ukianzia vidoleni, na hakuuzuia. Sebuleni mama mkwe alikuwa amewasha kompyuta yake kuukuu atazame wajukuu, na sauti yake ilikuja kupitia mlango uliokuwa wazi. Hakuwa ameongea kwa furaha namna ile tangu mwanawe azikwe.

"Mkwe, njoo usikie! Inaniita Mama."