Nafasi ya Ambulensi Pale Makutano

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Nikipatikana na uongo hata wa ujazo wa kijiko, nitamtoa faini beberu wangu mwenye masikio meupe, yule ambaye mke wangu hathubutu kumtaja akiwa karibu na jiko. Sasa sikiliza.

Asubuhi hiyo Makutano, hapa mjini Meru, ilikuwa imefurika. Malori ya mbao, bodaboda, pikapu za miraa zikipiga honi kana kwamba zimebeba moto. Katikati ya vurugu hiyo, gari dogo aina ya Vitz, la rangi ya fedha, lilizunguka na kuzunguka kama nzi aliyekosa pa kutua. Ndani yake alikuwamo Ruguru, muuguzi wa kutibu wagonjwa majumbani, msichana wa Embu mwenye vishimo mashavuni, sare ya buluu iliyonyooka kwa pasi, nywele zimefungwa kwa utepe mwekundu, na raba nyeupe pe.

Ruguru hakuwa na hamu ya kupendeza. Mkubwa wake alikuwa amemwambia wazi: "Ukizidi kuchelewa, wagonjwa wa Meru nitampa mwingine, wewe urudi Embu." Mgonjwa wake wa kwanza, mzee Kailemia, alikaa nyumba ya mabati nyuma ya maduka, akiwa na kidonda cha mguu kilichohitaji kusafishwa kila asubuhi. Mzee huyo, niseme tu ukweli, alikuwa mtanashati sana kwa umri wake.

Ndipo Ruguru akaona nafasi mbele ya duka la rangi. Ilikuwa imezibwa kwa madebe matatu matupu. Akashuka, akayasukuma kando kwa mguu. Debe moja halikuwa tupu. Rangi ya kijani ikamwagikia raba yake.

"Wewe, dada! Hayo madebe yana mwenyewe!" Kijana mmoja alitoka dukani mbio. Ovaroli lake lilikuwa na madoa ya kila rangi iliyowahi kuuzwa Meru, na kofia ya sufu imeegeshwa upande. Alikuwa Mutembei, mwenye duka.

"Na barabara ina mwenyewe?" Ruguru akamjibu. "Ama ulirithi lami?"

"Wateja wangu wataegesha wapi?"

"Wateja wako wananunua rangi. Wangu wanaoza. Chagua."

Mutembei akainama kuliinua debe lililomwagika. Ruguru alikuwa ameshaegesha na kuingia uchochoroni na mkoba wake, akiacha nyayo za kijani, upande mmoja tu.

Alipotoka, lori lilikuwa limembana mbele na pikapu nyuma, madereva hawaonekani. Mgonjwa wake mwingine, wa Kianjai, alikuwa akingoja sindano. Ruguru akaingia garini, akaegemeza kichwa kwenye usukani, machozi ya hasira yakamtoka.

"Sista," sauti ikasema dirishani, ya upole safari hii. "Usishuke. Shika breki tu."

Mutembei akapiga mluzi. Wapakiaji wanne wa saruji wakaja, wakainua Vitz ile na Ruguru akiwa ndani, juu juu kama jeneza la tajiri. Kona moja ya nyuma ikawalemea. Basi mzee Kailemia akaruka kutoka kitandani, akaja na bandeji yake mpya, akaishika bampa kwa mkono mmoja. Gari likatuliwa barabarani.

"Nipe namba yako," Mutembei akasema akihema. "Ukikaribia unipigie, nitoe madebe."

"Kwa ajili ya pakingi tu?"

"Tuanze na pakingi."

Wakaanza na pakingi. Kila asubuhi simu ya Mutembei ililia. "Mkuu wa madebe, niko karibu na stendi." "Njoo, mwendwa," yaani mpenzi wangu, "nimekuwekea lami ikiwa bado moto." Jioni simu zikawa ndefu, hazina tena habari za lami. Jumapili wakanywa chai pamoja, Ruguru kavaa gauni la maua ya njano, Mutembei kajisugua kwa mafuta taa mpaka kucha zikaonekana rangi yake halisi. Ruguru hakuchelewa tena, na wazo la kurudishwa Embu likaanza kumkosesha usingizi kwa sababu nyingine kabisa.

Lakini madebe hayaheshimiwi Makutano. Watu waliyasogeza, wengine wakayabeba kwenda kutekea maji. Mutembei akawaza. Akaamua kumshangaza mpenzi wake.

Asubuhi iliyofuata Ruguru alikuta nafasi iko wazi kabisa, hakuna aliyeigusa. Akaegesha akishukuru Mungu, akakimbia kwa mzee Kailemia bila kutazama chini. Aliporudi, gurudumu lake lilikuwa limefungwa klampu ya njano, pingu ya chuma ya magari, na Kobia, askari wa maegesho, alikuwa ameliegemea gari.

"Sista, hujui kusoma?"

Ruguru akatazama. Chini ya gari, kwa herufi kubwa nyeupe, palikuwa pameandikwa: AMBULENSI TU.

"Naegesha hapa kila siku, Kobia! Wewe mwenyewe hunipungia mkono!"

"Ndiyo. Lakini sasa kuna maandishi."

"Nani kaandika?"

"Serikali," Kobia akasema kwa heshima.

Wakati huo serikali ilitoka dukani, brashi mkononi, mikono myeupe mpaka viwikoni.

"Mutembei," Ruguru akasema polepole. "Mimi ni ambulensi?"

"Kwangu mimi, ndiyo," Mutembei akajibu. Hata Kobia alifumba macho.

"Mgonjwa wa Kianjai ananingoja! Nilikuomba uniandikie? Nilikuomba?"

"Nilitaka usihangaike, mwendwa."

"Usiniite mwendwa. Niite ambulensi, si umeshaandika?"

Mutembei akamweleza Kobia kila kitu. Kobia akakasirika zaidi, kwa sababu alikuwa ameyapigia maandishi hayo saluti. Akampeleka Mutembei ofisini aeleze nani kampa ruhusa ya kuchora barabara ya umma. Klampu ilitoka mchana. Mtu wa Kianjai alikuwa ameshapiga simu kulalamika, na kabla ya jua kutua Ruguru alikuwa anapanga nguo zake kwenye buti la Vitz, anarudishwa Embu.

Mutembei alipiga simu. Haikushikwa. Akatuma ujumbe: "Nimeyafuta." Hakujibiwa. Akatuma tena: "Nimeyafuta lakini bado yanaonekana mvua ikinyesha."

Embu nako hakukuwa na nafuu. Mgonjwa wake, bibi Wambeti mwenye sukari, alikaa ghorofani karibu na soko, na siku ya soko hata toroli halipati pa kusimama. Jumamosi moja Ruguru alikuwa akizunguka, akipiga usukani kwa kiganja, akijiambia kwamba afadhali angesomea ualimu, ndipo dirisha lake likagongwa. Ovaroli. Madoa.

"Shuka," Mutembei akasema.

"Nani kakwambia niko hapa?"

"Nimesimama sokoni nikangoja gari linalozunguka. Shuka, mimi nitaendesha."

"Nina hasira na wewe."

"Kasirika ukipanda ngazi. Mgonjwa anangoja."

Honi zikalia nyuma. Ruguru akashuka. Mutembei akajikunja ndani ya Vitz, magoti yakagusa kidevu, akaondoka. Bibi Wambeti alipokwisha kudungwa sindano, Ruguru akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Mbele ya kanisa. Sasa nimelipita."

"Na sasa?"

"Nyuma ya lori la ndizi. Ruguru, raba yako bado ina rangi ya kijani."

"Sikupata nafasi ya kuisugua."

"Muda wote huo?"

Ruguru akaificha raba hiyo chini ya kitanda.

"Ruguru, nataka kukuoa."

"Unaniuliza hivyo ukiwa barabarani?"

"Ningepiga magoti, lakini hakuna pa kuegesha."

Ruguru akacheka mpaka akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Bibi Wambeti, ambaye masikio yake hayakuwa na sukari, akauliza, "Atazunguka hadi lini huyo?"

"Bibi anauliza utazunguka hadi lini."

"Mpaka petroli iishe. Halafu nitasukuma."

"Basi pita mlangoni polepole, mwendwa. Nitadandia."

Tangu hapo Mutembei ndiye dereva wake wa asubuhi, ndugu yake akilinda duka. Ofisi ilipoona Ruguru hachelewi, ikamrudishia wagonjwa wake wa Meru.

Nilikuwa nimefika hapa, kalamu bado mkononi, Ruguru akaingia na mkoba wake kunisafisha kidonda. Akachungulia juu ya bega langu, akasoma. Akarudi nyuma kurasa mbili.

"Mtanashati sana kwa umri wake?"

"Ni maoni ya watu."

"Bampa kwa mkono mmoja? Mzee Kailemia, asubuhi hiyo ulikuwa hapo hapo kitandani, unamwita marehemu mama yako kwa sababu niligusa kidole gumba!"

"Nilikuwa napasha misuli."

Akafika ukurasa wa kwanza. Vishimo vikatokea mashavuni. "Beberu mwenye masikio meupe," akasoma kwa sauti, ili mke wangu asikie. "Na harusi yetu ni Jumamosi. Harakisha kumtoa, Mzee, Mutembei anazunguka."

Mke wangu alimfungua beberu kabla sijashika mkongojo. Nikawafuata hadi barabarani nikiomba msamaha. Vitz ikaja polepole, mlango wa nyuma wazi. Ruguru akasukuma mbuzi, akadandia, wakaenda. Foleni ikawarudisha kwa kuzunguka. Wakapita tena mbele yangu, beberu dirishani, utepe mwekundu wa Ruguru mdomoni, akanitazama kama mtu ambaye hatujawahi kujuana.