Tangazo la Pili, Bwana Harusi Yuko Baharini

"Ivo wa parokia hii, na Aurore wa parokia ya Lawrence Heights, wanakusudia kufunga ndoa. Hili ni tangazo la pili. Mwenye kujua kizuizi aseme."

Padre alifunga karatasi yake. Benchi la nyuma, Aurore alimminya mkono mama yake, Asumpta. Walikuja mji huu wa Markham, Kanada, kwa mabasi ya kubadilisha, ili tu asikie jina lake likisomwa kanisani kwa kina Ivo. Tangu mchumba wake asafiri, roho haikai. Hapati usingizi, chakula hakipiti.

Mbele, mama mmoja wa Kigoa aligeuka akaangaza macho kama aliyeibiwa. Misa ilipokwisha aliwafuata hadi nje.

"Samahani, binti. Jumapili iliyopita sikuja misa, tangazo la kwanza sikulisikia. Wageni hapa naona ni ninyi tu. Wewe ndiye Aurore?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo Ivo ni yule wa kompyuta, mwenye gari jeupe?"

"Huyo huyo. Mnafahamiana?"

"Yuko Ugiriki na binti yangu, Hazel. Wamekodi boti ya matanga, wanazunguka visiwa, wawili peke yao. Wakirudi wavishane pete."

Aurore alicheka.

"Amekwenda na bosi wake, mama. Ni wanaume watupu."

"Bosi gani? Jana Hazel amenipigia kutoka kisiwa cha Naxos. Anasema Ivo kaungua na jua, pua inabanduka kama kitunguu."

"Nilisema mimi," Asumpta akadakia. "Mwanaume gani anakwenda kucheza baharini ndoa iko mlangoni?"

"Mama, tafadhali."

"Haya, nimenyamaza. Lakini nilisema."

Ivo alijua alichokuwa anafanya. Kesi ya ukimbizi ya Aurore ilikuwa haijaisha. "Ukitoka Kanada hawatakuruhusu kurudi, mpenzi," alimwambia. "Baki ushughulikie gauni." Kitu kimoja tu hakukijua, maana misa alikuwa haendi: tangazo la ndoa husomwa katika parokia ya bibi na ya bwana pia.

"Hupiga simu kila Jumapili mchana," Aurore alisema.

"Basi twende tukamsubiri," mama Hazel akajibu, funguo za gari mkononi.

Kule Lawrence Heights, nyumbani kwa kina Aurore, chai ilimiminwa, ikapoa. Aurore alikaa, akasimama, akainua simu kusikia kama ni nzima, akairudisha.

"Iache, mwanangu. Atapigaje ukiishika?"

Ikalia.

"Mpenzi! Unanisikia? Tuko bandari ya Paros. Upepo mkali, tumekwama."

"Pole. Pua yako inaendeleaje?"

"Pua? Nzuri tu. Nimekukumbuka sana. Wazee hawa wananichosha, wanaongea biashara usiku kucha."

"Ngoja, kuna mtu anakusalimia."

Mama Hazel alipokea simu, akabonyeza spika wote wasikie.

"Ivo. Mpe binti yangu."

"A... Auntie?"

"Mpe."

Wote watatu walisikia vikombe na muziki wa mgahawa, kisha sauti ya msichana.

"Mami? Kwa nini Ivo amekupigia wewe?"

"Hakunipigia mimi. Amempigia mchumba wake. Tangazo lao limesomwa leo, kanisani kwetu, mbele ya watu wote. Binti mwenyewe yuko hapa, ongea naye."

Aurore aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hazel, mimi sikujua habari zako. Naapa."

"Wala mimi zako. Alikuambia yuko na nani?"

"Bosi wake."

Hazel alivuta pumzi.

"Sawa. Mwambie mami nashuka leo. Feri ya Athene bado haijaondoka."

"Na yeye?"

"Abaki na boti. Mwenye cheti cha kuiendesha ni mimi. Yeye hata fundo hajui kufunga."

Kule Paros, Ivo alimpokonya Hazel simu.

"Aurore, nisikilize. Ilikuwa mara ya mwisho, kabla ya ndoa. Usimwambie padre. Tangazo limebaki moja tu. Nakupenda."

Asumpta alikuwa amejishika kifua. Aurore alimtazama mama yake, machozi yanamtoka, sauti haikutetemeka.

"Padre namwambia leo hii. Wewe tafuta nahodha."

Akakata.

Enyi binti zetu, mchumba akisafiri kwenda mahali ambapo karatasi zako haziruhusu umfuate, acha gauni kwanza. Uliza anakwenda na nani. Na sisi mama zenu tukiuliza, msituambie tunyamaze.