Shati la Kumi na Mbili

Shati lilikuwa mbele ya moto tangu alfajiri, na bado lilikuwa baridi.

"Mama, hebu liguse," Submit alimwambia mama mkwe wake. "Yale kumi na moja yamepata joto. Hili limeganda pindo."

Mehitabel hakuligusa. Alikuwa mjane wa wiki tatu. Mumewe Eliakim, Mungu amrehemu, alilazwa ghalani kungoja udongo ulioganda uyeyuke achimbiwe kaburi, kama wafu wote wa majira ya baridi pale Connecticut. Mwanawe wa pekee, Asahel, mume wa Submit, alikuwa kambini akipigania uhuru bila shati mgongoni. Halmashauri ya mji ilitaka mashati kumi na mawili kwa vijana wake walioko vitani. Kitani kilitosha kumi na moja.

"Kitani hiki umekitoa wapi, mama?"

"Ghalani."

Submit akaziba mdomo. "Umemvua baba sanda?"

"Nimemfunika blanketi," Mehitabel alinong'ona. "Anayetetemeka ni aliye hai. Wala sikuthubutu kumvika mtoto wa mwenzangu. Nimelishonea jina la Asahel shingoni."

Huko nje mlango wa ghala ulilia, na upepo haukuwapo.

Adhuhuri Shemasi Thrall akafika na gari la ng'ombe kuyachukua mashati. "Kumi na mawili kamili! Wale wa ng'ambo ya mto wamenipa soksi zisizo na visigino. Sijui wanadhani jeshi lina kwato!" Akacheka peke yake, kisha akanusa. "Mama Asahel, panya amekufia ukutani?"

Mehitabel alifungua kinywa amwambie aliache lile moja. Akaukumbuka mgongo wa mwanawe. Akampakilia yote, na gari likaondoka.

Ndipo walipozisikia hatua, nzito, za mtu asiye na haraka, zikitoka upande wa ghala na kuikanyaga theluji chini ya jua jeupe la mchana, zikija hadi dirishani ambako kioo kiliingia ukungu kwa nje ingawa hapakuonekana uso wala pumzi, na ile harufu ya udongo na kitani kibichi ikawajaa kooni hata zaburi waliyoianza ikawakatikia mdomoni.

Kisha hatua zikapita.

Submit alifungua mlango. Nyayo za miguu mitupu zilikuwa zimefika barabarani na kushika alama za magurudumu, kuelekea kambini.

"Mama," alisema, "hana shida na sisi. Anafuata nguo yake."

Mehitabel akapiga magoti kwenye theluji, akamwomba Mungu gari lile lipotee njia.