Lampe ya Ndagala Juu ya Picha ya Koko

Asubuhi nilikuwa nafuta vumbi kwenye sanduku la kioo mu darasa letu, hapa Rugenge. Ndani iko picha ya ndoa ya nyanya yangu, Koko Pudentienne, ile moja tu aliyo nayo. Aliiazima shule kwa maonyesho ya vitu vya zamani, akaniambia: "Olive, ikiharibika, utafute kwengine kwa kulala."

Achille, mwenzangu wa darasa, akaingia na lampe kubwa ya mjomba wake, mvuvi wa Kalundu. Ni zile wanawasha ziwani usiku kuita ndagala, wale samaki wadogo.

"Na mwanga wa hii, mwenye miwani ataacha miwani mulangoni!" akasema.

Akaiweka juu ya sanduku, akaiwasha kujaribu. Nikagusa kioo cha sanduku: moto kama sufuria! Nilitaka kusema, lakini minye naona haya kusema mbele ya watu. Nilisema kwa sauti ndogo sana, Achille akadhani nakohoa.

Jioni mvua ikakatika, wazazi wakajaa. Achille akawasha lampe. Hapo hapo kumbikumbi wakaingia kwa madirisha yote. Nani tena aliangalia maonyesho? Mama Josée alikunjua kitenge, Papa Modeste akatega kofia kuwakamata. Koko akanyakua kikapo cha zamani juu ya meza.

"Koko, hicho ni cha maonyesho!" akalia Madame Geneviève, mwalimu wetu.

"Si ndiyo naonyesha kazi yake?"

Minye peke yangu niliona picha inajikunja. Bwana arusi alikuwa anainama polepole, kama anatafuta kiatu.

"MUZIME ILE LAMPE!"

Kila mtu akageuka kutafuta nani amelia vile. Ni minye. Achille akazima mbio. Nikatoa picha: ni pembe moja tu ilikunjika.

Tukaweka lampe ndogo ya LED, mbali kidogo, na karatasi nyeupe mbele yake. Kioo kikabaki baridi. Sasa tukaona hata tabasamu ya Koko mu picha.

"Kitu cha zamani kinataka mwanga mupole," Madame akasema. "Kionekane, kisiungue. Lakini weye Olive, asubuhi ulijua?"

"Ndiyo, Madame."

"Basi usimeze unachojua. Achille hakuwa na ubaya, hakuna muntu alimuambia akasikia."

"Kumbikumbi ndiyo wa kumeza," Koko akasema, mudomo umejaa.

Nilipofika nyumbani nikamuandikia kwa telefone mama, mwenye iko Luvungi kwa biashara ya muhogo: "Mama, leo nilipaza sauti mbele ya watu wote. Picha ya Koko iko salama."

Mpaka sasa hajajibu. Nadhani anafikiri telefone yangu imeibiwa.